IMAMU GHAZALI NA MAFUNZO YA KUUTULIZA MOYO



Ndugu wanafunzi, ni nani kati yetu hajawahi kutoa salamu mwishoni mwa Swala bila kukumbuka sura aliyosoma? Mwili uko msikitini, fikra ziko gulioni. Maradhi haya ni ya zamani, na miongoni mwa waliohangaikia dawa yake ni Imamu Abu Hamid Al-Ghazali (Mwenyezi Mungu amrehemu).

Alizaliwa Tus, katika Iran ya leo, mwaka 450 Hijria (1058). Inasimuliwa kuwa baba yake, msokota nyuzi za sufi, alipokaribia kufa alimuusia rafiki yake awasomeshe wanawe wawili. Fedha zilipokwisha, mlezi yule aliwashauri waingie madrasa, wapate elimu pamoja na chakula.

Inasimuliwa pia kuwa katika ujana wake, akirudi kutoka masomoni Jurjan, majambazi waliuteka msafara wao. Akawafuata akiomba arudishiwe daftari zake tu. Mkuu wao alicheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo ambayo ikiibwa mwenyewe hubaki mtupu. Akamrudishia. Neno lile lilimchoma. Alipofika Tus alitumia miaka 3 kuyahifadhi yote aliyoyaandika.

Mwaka 484 Hijria (1091) alipewa cheo cha kufundisha katika Nidhamiyya ya Baghdad, akawa na wanafunzi 300. Lakini alipojichunguza aliona kuwa moyo wake unatafuta sifa. Mwaka 488 Hijria (1095) ulimi wake ukakwama, akashindwa kusomesha. Akaacha cheo, akaenda Damascus, na huko alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa, akifanya ibada. Kisha akazuru Quds, Makka na Madina.

Katika kitabu chake Ihyau Ulumid-Din, ambacho masharifu wa Ba Alawi wamekienzi mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, ameacha mazoezi ambayo hata mtoto anayaweza:

1. Baada ya Alfajiri, wekeana sharti na nafsi yako, kama mfanyabiashara na mshirika wake: leo utafanya nini na utaacha nini.

2. Mchana, ichunge nafsi ukikumbuka kuwa Allah (S.W.) anakuona.

3. Usiku kabla ya kulala, ihesabu: faida ni ipi na hasara ni ipi.

4. Katika Swala, simama karibu na ukuta, ondoa mbele yako kila kinachovuta macho, maliza shughuli inayokusumbua kabla ya takbira, na uzingatie maana ya unachosoma.

Imamu alitoa mfano wa mtu anayetaka kutafakari chini ya mti wenye kelele za ndege. Kila akiwafukuza kwa fimbo, wanarudi. Sisi wa Ngara na Biharamulo tunaolinda mashamba tunalijua hilo. Dawa ni kuukata mti wenyewe, nao ni kuipenda mno dunia.

Alifariki Tus mwaka 505 Hijria (1111). Leo daftari zetu zimo hata ndani ya simu. Tujiulize: zikichukuliwa njiani, tutafika nyumbani na nini? Tuanze kesho Alfajiri, wazazi pamoja na watoto.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo zenye utulivu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.