Nicolaus Steno na Mawe ya Ndimi

Nicolaus Steno alizaliwa mwaka 1638 katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, naye alikufa mtoto angali mdogo. Steno alijifunza uganga, akawa hodari sana katika kupasua miili na kuchunguza viungo vyake. Mwaka 1660 aligundua mfereji uletao mate kinywani, ambao hata leo huitwa kwa jina lake.

Mwaka 1666 alikuwa akikaa Florence, katika Italia. Mwezi wa Oktoba wavuvi walinasa papa mkubwa karibu na Livorno, na mtawala wa nchi, Ferdinando wa Pili, akaamuru kichwa chake kiletwe kwa Steno ili akipasue.

Alipoyatazama meno ya samaki yule, aliyakumbuka mawe yaliyoitwa ndimi. Yalikuwa ya pembe tatu, yenye makali, nayo yalichimbwa hasa katika kisiwa cha Malta. Wengine walisema yameanguka toka mbinguni. Wengine walisema ni ndimi za nyoka, zilizogeuka mawe zamani za Mtume Paulo, alipoumwa na nyoka kisiwani mle. Watu waliyavaa ili kujikinga na sumu. Hata wenye elimu wengi walidhani yameota yenyewe ardhini. Walikuwako wachache waliokwisha kusema kuwa ni meno ya papa, lakini hawakusadikiwa. Kwani meno ya samaki yangeingiaje ndani ya mwamba, mbali na bahari?

Mwaka 1667 Steno alitoa kitabu, akaonyesha jinsi mawe yale yanavyofanana na meno. Lakini hakukata neno upesi, kwa kuwa kufanana peke yake si ushahidi. Yako mawe yenye michoro mieusi kama majani, wala hayakuwa na uhai kamwe. Ni madini tu yaliyopenya katika nyufa.

Basi akazunguka akiichunguza miamba ya Toscana, na mwaka 1669 akatoa kanuni yake. Kitu kilichotangulia kuwa kigumu hukipa umbo kile kilichofuata. Madini yakiota katika ufa hufuata umbo la ufa, maana mwamba ulitangulia. Bali kombe na jino huacha chapa yao katika mwamba, kama unyayo katika tope. Kwa hiyo vilikuwa vigumu wakati mwamba ulipokuwa tope chini ya maji. Na palipo nchi kavu leo, zamani palikuwa bahari.

Mwaka ule ule wa 1667 Steno aliingia katika Kanisa Katoliki. Alipewa upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677, akaiacha elimu ya mawe. Aliishi kimaskini katika Ujerumani ya kaskazini, akiwagawia fukara alivyokuwa navyo, hata alipofariki Schwerin mwaka 1686. Mwaka 1988 Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri.

Wachunguzao mawe wangali wakiifuata kanuni yake. Hawatosheki kuuliza jiwe lafanana na nini. Huuliza pia ni kipi kilichotangulia kuwa kigumu.