João IV, Mfalme Aliyevua Taji

Kila Desemba 8 tunapoadhimisha Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tunaweza kumkumbuka mfalme mmoja wa Ureno.

João IV alizaliwa Vila Viçosa tarehe 19 Machi 1604, katika ukoo wa Bragança. Tangu 1580 Ureno ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania. João alipenda muziki na kukusanya vitabu vyake, wala hakuwa na haraka ya kukalia kiti cha enzi. Lakini tarehe 1 Desemba 1640, kundi la wakuu lilivamia ikulu ya Lisbon, likawaondoa wawakilishi wa Hispania na kumtangaza kuwa mfalme. Vita vikaanza, vikadumu miaka 28.

Tarehe 25 Machi 1646, vita vikiendelea, aliiweka nchi yake chini ya Bikira Maria Mkingiwa na kumtolea taji lake. Tangu hapo wafalme wa Ureno hawakuvaa tena taji kichwani. Papa Pio IX alikuja kutangaza fundisho hilo kuwa la imani mwaka 1854, miaka 208 baadaye.

Linalotugusa zaidi ni jambo jingine. Kwa shinikizo la Hispania, Roma haikumtambua, wala haikuthibitisha maaskofu aliowapendekeza. Maaskofu wazee wakafa, majimbo yakabaki wazi. Walikuwapo waliofikiri kwamba awasimike maaskofu bila kibali cha Papa. Mfalme aliwauliza wanateolojia, akaendelea kutuma wajumbe Roma, lakini hakujitenga. Alifariki tarehe 6 Novemba 1656 bila kupata jibu. Hispania ilipokubali uhuru wa Ureno mwaka 1668, ndipo Roma nayo ikamtambua mfalme wa Ureno na kuthibitisha maaskofu.

Hatumwiti mtakatifu. Chini ya bendera yake biashara ya watumwa iliendelea, na hilo hatuwezi kulificha. Hata hivyo, sisi tunaosoma falsafa huona utii ni rahisi tunapoujadili darasani. Ugumu huja tunaposubiri uamuzi wa walezi wetu, nasi tunaamini haki iko upande wetu. João alisubiri miaka 16, akabaki ndani ya Kanisa.

Bikira Maria Mkingiwa, utuombee.