Kate Shelley na Daraja la Mto

Kate Shelley alizaliwa nchi ya Ayalandi, akachukuliwa na wazazi wake hata Marekani angali mtoto mdogo. Wakakaa jimbo la Iowa, karibu na kijiji cha Moingona, kando ya kijito kiitwacho Honey Creek. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya reli. Alipokufa mwaka 1878, Kate akamsaidia mama yake kulima na kulea wadogo zake.

Usiku wa tarehe 6 Julai, 1881, mvua kubwa ilinyesha, na kijito kikafurika. Watu wa reli walijua ya kuwa maji ya gharika hula udongo ulioshika miguu ya daraja. Juu huonekana zima, kumbe chini limekwisha kulegea. Basi wakapeleka injini moja, yenye watu wanne, kukagua njia. Hata saa tano usiku, daraja la Honey Creek likavunjika, injini ikatumbukia majini. Wawili wakafa, wawili wakashika miti wakapiga kelele.

Kate alisikia kishindo, akatoka mbio na taa. Aliwaona wale wawili, lakini hakuweza kuwafikia. Tena alikumbuka jambo kubwa zaidi: karibu na usiku wa manane gari la abiria litokalo magharibi lingepita hapo. Gari zito likiwa katika mwendo halisimami upesi. Dereva angeliona pengo wakati breki haifai kitu tena.

Ili kufika stesheni ya Moingona ilimpasa kuvuka daraja la mto Des Moines, refu kadiri ya futi 700. Halikuwa na njia ya miguu, ila mataruma yaliyoachana, na misumari imepigwa juu yake ili watu wasipite. Taa ikazimika. Akatambaa kwa mikono na magoti, nguo zikiraruka, huku mto ukivuma chini yake, na mwanga wake ni umeme wa radi tu. Wala hakujua kama gari halitamkuta pale pale katikati.

Akavuka, akakimbia hata stesheni, akatoa habari. Gari likazuiliwa Ogden, nalo lilikuwa na abiria 200 hivi. Mtu mwingine angalikaa kupumzika. Yeye akarudi na waokoaji kuwaonyesha njia ya kuwafikia wale wawili, wakaokolewa.

Jimbo la Iowa likampa nishani ya dhahabu. Kampuni ya reli ikampa dola 100, unga, makaa, na ruhusa ya kusafiri bure maisha yake yote. Zawadi hiyo haikuwa kubwa kwa kazi ile. Mwaka 1903 ikamweka kuwa mwangalizi wa stesheni ya Moingona, ile ile aliyoikimbilia. Alikufa Januari 1912. Daraja refu la reli lililomalizika mwaka 1901 juu ya mto Des Moines likaitwa kwa jina lake, na jipya lililofunguliwa kando yake mwaka 2009 vivyo hivyo.