Saad bin Abi Waqqas: Bingwa wa mishale aliyejua lini auweke uta

Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo sote tuliwahifadhi majina chuoni. Lakini nikiulizwa ni yupi ambaye maisha yake yatufaa zaidi zama hizi za magomvi, mimi nitamtaja Saad bin Abi Waqqas (R.A.).

Saad alizaliwa Makka katika ukoo wa Banu Zuhra, ukoo wa Bi Amina, mamake Mtume (S.A.W.). Wapokezi husimulia kuwa ujanani kazi yake ilikuwa kuchonga mishale. Alisilimu mapema, akiwa kijana wa miaka kama 17. Mamake akaapa hali wala hanywi mpaka mwanawe aiache dini hiyo. Saad alimpenda mno mamake, lakini hakuyumba. Mwisho mama akala.

Mwaka 623 kikosi cha Waislamu kikiongozwa na Ubayda bin al-Harith kilikabiliana na Makureshi karibu na Rabigh. Panga hazikuchomolewa, ila Saad alivuta uta akauachia mshale, nao ndio wa kwanza kutupwa katika Uislamu. Huko Uhud, mwaka 625, wapiga mishale wengi waliowekwa kilimani waliiacha zamu yao wakakimbilia ngawira. Saad alisimama karibu na Mtume akilenga mshale baada ya mshale, Mtume mwenyewe akimpa mishale na kumfidia kwa baba yake na mama yake. Hiyo ni heshima waliyoipata wachache mno.

Khalifa Umar alimfanya amiri jeshi dhidi ya Waajemi. Vita vya Qadisiyya vilipowaka, kadiri ya mwaka 636, majipu yalikuwa yamemjaa mwilini hata hawezi kupanda farasi. Akalala kifudifudi juu ya dari ya ngome, akiutazama uwanja na kupeleka amri zake chini. Waajemi wakashindwa, mji wao mkuu wa Madain ukatekwa, na mwaka 638 Saad akauasisi mji wa Kufa. Baadaye watu wa mji huo huo walimshtaki, hata wakadai hajui kusalisha. Umar alimwuzulu; lakini alipokuwa akifa, mwaka 644, alieleza kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala khiana, akamtia katika watu sita wa kumchagua Khalifa.

Hayo yote ni makubwa, lakini kwangu mimi kubwa zaidi ni hili. Khalifa Uthman alipouawa mwaka 656, Waislamu waligeuziana panga. Saad alikataa kuingia upande wowote. Alisema apewe kwanza upanga wenye macho, unaoweza kumpambanua muumini na kafiri. Akajitenga na mifugo yake. Mwanawe alimfuata kumlaumu kuwa watu wanashindania utawala naye yuko na ngamia; Saad akampiga kifuani, akamnyamazisha.

Nasi leo hutengana, tukasusiana hata maziko, kwa kugombea kamati ya msikiti tu. Saad alikuwa na haki ya kuutaka ukhalifa wenyewe, akauacha.

Alifariki al-Aqiq, karibu na Madina, kadiri ya mwaka wa 55 Hijria, akazikwa Baqii. Mali alikuwa nayo nyingi, lakini aliusia akafiniwe kwa juba lake kuukuu la sufi, lile alilolivaa siku ya Badri.