Willis O'Brien: Fundi wa buibui wauaji waliokatwa kwenye King Kong

KAMA wewe ni shabiki wa muvi za buibui wauaji, bila shaka una orodha yako. Kuna wanaoapa kwamba hakuna inayoishinda Arachnophobia ya 1990, ile ya buibui wadogo wanaojificha ndani ya viatu na chooni. Wengine watakutajia Tarantula ya 1955, ambapo buibui mmoja anakua hadi anazidi nyumba kwa ukubwa. Lakini kuna buibui wengine ambao wapenzi wa filamu hizi wamewajadili kwa miaka mingi bila kuwaona wakitembea, kwa sababu kipande chao kilikatwa na kupotea mnamo 1933.

Aliyewapa uhai buibui hao ni Mmarekani Willis O'Brien, fundi aliyemfanya sokwe King Kong atembee.

O'Brien alizaliwa Machi 2, 1886 katika jiji la Oakland, California. Hakuwa mtu wa kukaa darasani. Akiwa na umri wa miaka 11 tayari alikuwa ametoroka nyumbani kwenda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mifugo. Baadaye alifanya kila kazi iliyompitia mbele: kuchunga ng'ombe, kuuza baa, kupigana ndondi, kuwatembeza wanasayansi waliokuwa wakitafuta mifupa ya wanyama wa kale, na kuchora vibonzo vya michezo katika gazeti moja la San Francisco. Ukitazama, ungesema ni kijana asiyejua anachotaka. Kumbe kila kibarua kilikuwa kinamfunza kitu: mwili wa mnyama unavyosonga, mifupa inavyoungana, na bondia anavyoegemea mguu mmoja kabla ya kurusha konde.

Yote hayo yalikutana alipokuwa mchongaji. Yeye na mwenzake walikuwa na mchezo wa kufinyanga mabondia wa udongo na kuwapiganisha. Ndipo wazo likamjia: itakuwaje nikiwapiga picha moja moja, nikiwasogeza kidogo kila mara? Mnamo 1915 alitengeneza filamu fupi ya dinosaria na watu wa kale, ikanunuliwa na kampuni ya Thomas Edison.

Kazi yenyewe si mchezo. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Fundi anasogeza kisanamu kidogo sana, anapiga picha, anakisogeza tena, anapiga nyingine. Sasa hebu fikiria buibui. Ana miguu minane. Ukitaka yote itembee kwa sekunde moja tu, hiyo ni misogeo 192 ya mkono, na ukitikisa kimoja vibaya, mnyama anaruka kama amepigwa na umeme. Siku nzima ya jasho inaweza kutoa sekunde chache tu.

Mnamo 1925 alipata jina kwa filamu ya The Lost World, iliyojaa dinosaria. Kisha akatumia muda mrefu kwenye filamu nyingine iliyoitwa Creation, lakini studio ya RKO ikaifuta 1931 kabla haijakamilika. Merian C. Cooper, aliyepewa jukumu la kuikagua, aliona hadithi yake imedorora na gharama zimepanda. Hata hivyo, mbinu ya O'Brien ilimkaa rohoni. Alikuwa na ndoto ya filamu ya sokwe mkubwa, na sasa alikuwa amempata mtu wa kuitimiza. Kong aliyeonekana mkubwa kama jumba alikuwa kisanamu cha kama sentimita 45, chenye mifupa ya chuma na manyoya ya sungura, kilichoundwa na Marcel Delgado.

Humo ndimo kulimokuwa na shimo la buibui. Mabaharia wanakimbia juu ya gogo lililolala juu ya korongo, Kong analitikisa, wanaanguka. Katika toleo la mwanzo, walioanguka chini walikuwa wakivamiwa na buibui mkubwa na wadudu wengine wa ajabu. Cooper alipoitazama, aliona kipande hicho kinasimamisha hadithi: mtazamaji anamsahau Kong na msichana aliyetekwa, anabaki kuwawazia watu walio shimoni. Akakikata. Kazi yote hiyo ikabaki kuwa picha chache za mnato.

Je, Cooper alikosea? Wengi wetu tungependa kuwaona buibui wale. Lakini ukweli ni kwamba King Kong inakimbia bila kupumua, na huenda kukata huko kulisaidia. Cha kutisha mno nacho kinaweza kuiba filamu.

King Kong ilizinduliwa New York Machi 2, 1933, siku O'Brien alipotimiza miaka 47. Watu walijazana kumbi. Ungedhani huo ndio mwaka wa furaha yake. Miezi saba baadaye, Oktoba, mkewe Hazel, ambaye walikuwa wametengana na aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu, aliwapiga risasi wana wao wawili wakafa, kisha akajipiga mwenyewe. Hakufa papo hapo. Alifariki mwaka uliofuata. Baba aliyewatisha mamilioni kwa visanamu akabaki bila watoto. Mwishoni mwa 1934 alioa tena, akamwoa Darlyne Prenett, aliyeishi naye hadi mwisho.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mipango inayoanza na kufutwa. Tuzo ilikuja akiwa amezeeka: mnamo 1950, filamu ya Mighty Joe Young ilitwaa Oscar ya mbinu maalum, na sanamu ikaenda kwake. Lakini sehemu kubwa ya kusogeza visanamu katika filamu hiyo ilifanywa na msaidizi wake kijana, Ray Harryhausen. Huyu alikuwa ameona King Kong akiwa mtoto, akamtafuta mzee na kumpelekea dinosaria zake. O'Brien alimwambia wazi kwamba miguu ya dinosaria mmoja inafanana na soseji, na kwamba aende akasome jinsi misuli na mifupa inavyokaa. Kijana hakununa. Alienda akasoma, na baadaye akawa bingwa wa fani hiyo.

Buibui wa O'Brien alirudi 1957 katika The Black Scorpion, akimwandama mvulana ndani ya pango. Ilinganishe na Tarantula iliyotoka miaka miwili kabla. Kule mwongozaji Jack Arnold alitumia buibui halisi, akamsukuma kwa kupuliza hewa, kisha picha yake ikapachikwa juu ya jangwa. Yule anaonekana wa kweli kwa sababu ni wa kweli, ila hana haja na mtu yeyote; anatembea tu. Wa O'Brien ni kisanamu, na unaona ni kisanamu, lakini ana nia. Anamtaka yule mtoto. Inasikitisha kwamba fedha zilikuwa haba: kuna mahali katika filamu hiyo nge anaonekana kama kivuli cheusi tu, kwa kuwa picha haikumaliziwa.

O'Brien alifariki Los Angeles Novemba 8, 1962 akiwa na miaka 76, akiwa bado kazini.

Mnamo 2005 Peter Jackson alipotengeneza King Kong yake, aliweka humo shimo lililojaa wadudu wakubwa wa kompyuta. Hakuishia hapo. Yeye na mafundi wake waliunda upya kipande kilichopotea kwa njia ya mzee: visanamu, rangi nyeusi na nyeupe, picha moja baada ya nyingine.

Ukipata nafasi, itazame kwanza King Kong ya 1933 na usubiri lile gogo. Mabaharia wanaanguka, wanagonga chini, na kamera inaondoka. Kisha tafuta kipande cha Jackson, utazame yaliyokuwa yakiwasubiri kule chini.