Ken Walibora: Msee Aliyeileta Kitale Ndani ya Kitabu

Kama ulipitia sekondari Kenya hii, huyu msee alishakukosesha usingizi hata kama hukuwahi kumwona. Alizaliwa Baraki, Bungoma, miaka ya sitini, jina Kennedy Waliaula. Hilo Waliaula akaligeuza kidogo likawa Walibora, na manze, kwa jalada lilikaa poa.

Alikulia upande wa Trans Nzoia. Sisi wa Kimilili njia tunaijua: unadandia mat, unapita Kamukuywa, Kiminini, uko Kitale. Sasa 1996 akaangusha Siku Njema. Kongowea Mswahili, boy wa Tanga, mamake mwimbaji wa taarab. Mama anakufa, boy anateswa na watu wa familia, mwishowe anatoka kumsaka babake. Anaelekea wapi? Si Nairobi, si Mombasa. Kitale! Mtoto wa shags huku akikuta mji wake ndani ya kitabu cha Kiswahili, hiyo si kitu kidogo. Miaka yote tuliambiwa Kiswahili kizuri kina wenyewe, na wenyewe wako Pwani. Jamaa wa bara akaingia na kuwafikia palepale.

Kwa TV alisoma habari NTV. Taifa Leo alikuwa na safu yake, Kauli ya Walibora. Mashairi pia aliandika. (Hii Sheng yangu labda angeipiga kalamu nyekundu mwanzo mwisho.)

Watoto hakuwasahau: Kisasi Hapana, na Ndoto ya Amerika, ile kiu ya majuu tunayoijua wote. Cha kushangaza, yeye mwenyewe alifika huko. Akachukua udaktari wa falsafa Ohio State, akafundisha Wisconsin, halafu akarudi nyumbani, akawa mhadhiri Riara. Wangapi wanarudi?

Halafu Kidagaa Kimemwozea, setibuku iliyotusumbua kwa mtihani. Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, kumbe mswada wake uliibwa na Mwalimu Majisifu ukatoka kwa jina la mwizi. Kila mtu aliyewahi kuibiwa kazi yake anajua hiyo hasira. Mimi bado namchukia Majisifu.

Aprili 10, 2020, Ijumaa Kuu, corona ikiwa imeanza kubana, Walibora aligongwa na matatu Landhies Road, Nairobi. Familia ikamtafuta kwa siku kadhaa, simu haishikwi, hadi mwili ukapatikana mochari ya Kenyatta. Mkononi kulikuwa na jeraha la kisu, na makachero wakaanza kuichunguza kama mauaji.

Akazikwa Cherangany mwezi huohuo. Kwa sababu ya sheria za corona, waliomsindikiza walikuwa wachache. Msee aliyesomwa na darasa baada ya darasa la watahiniwa, na kaburini wakasimama watu wa kuhesabika.