Krapf Peke Yake Nyikani

Wenzangu, mtihani ukianza moyo hunidunda, pumzi hunikatika, jasho tele. Ndipo humkumbuka Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Mwaka 1844 alimzika mkewe pamoja na mtoto mchanga Mombasa. Mwaka 1851, karibu na mto Tana, msafara wao ulivamiwa na rafiki yake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, akauawa. Krapf akabaki peke yake, maji kayajaza katika mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini. Mchana alijificha, usiku alitembea. Hofu alikuwa nayo, msidhani! Lakini aliomba, akafika Rabai. Mwaka 1881 alikutwa amefariki kwao Ujerumani, kapiga magoti kando ya kitanda. Nami sasa nafumba macho, navuta pumzi polepole, naomba, kisha naipindua karatasi ya maswali.